Penalti Niliyoifasiri Vingine

Kocha wangu,

Nakuamkia. Mimi ni Nassor, mkalimani wako wa Dubai, uliyekuwa ukimwita "Bwana Nassor" hata siku ulizokuwa na hasira naye. Miaka sita imepita tangu nikufikishe uwanja wa ndege na masanduku yako mawili na ule mfuko wa mipira ya mitumba ambayo klabu ilikuruhusu uondoke nayo. Tangu siku hiyo umeniletea picha tatu na salamu nyingi, nami nimekujibu zote kwa adabu, na katika majibu yote hayo nimekuficha jambo moja. Leo nalisema. Nalisema mbele ya watu, katika barua ya wazi, kwa sababu aibu yake uliibeba mbele ya watu.

Mama yangu bado yupo nyumbani kwetu Rashidiya, na bado anakuita "yule Mzungu wako". Kila mwezi wa Ramadhani ukikaribia hunikalia kitako. "Umeshamwandikia?" huniuliza. Nikimwambia bado, huendelea kuchambua mchele wake, na huko kuchambua kwake kunaniuma kuliko maneno. Mwaka huu nimeona bora niandike kuliko kuutazama tena ule mchele.

Nianze na tabia yangu, maana bila hiyo hakuna kisa. Mimi ni mtu wa shaka. Mama husema nikikaribishwa chai nachungulia kwanza sufuria. Labda ndiyo malezi ya ugenini. Babu alitoka Unguja akaja huku wakati Dubai haijawa hii, sisi tumezaliwa hapa, Kiarabu tunakijua mpaka matusi yake, lakini makaratasi yetu hayajaacha kutukumbusha kuwa ni wageni. Iqama yangu, kibali cha kuishi, ilikuwa chini ya klabu, na ya mama ilikuwa chini yangu. Kazi ikikatika, sote wawili tunafunga mizigo. Mtu akiishi hivyo hujifunza kuzisoma nyuso za wakubwa kila asubuhi.

Basi ulipokuja nilikushuku kabla hujashuka kwenye gari. Mudir, mkurugenzi wa klabu, alikuwa amenipa wasifu wako niufasiri kwa Kiarabu, na mimi sikuufasiri tu, niliupekua. Mtoto wa seremala kutoka kijiji cha milimani Austria. Beki wa kushoto, miaka kumi na moja kwenye ligi ya kwenu, mara nne ukavaa jezi ya taifa, kisha goti likakuangusha ukiwa bado na nguvu. Ukageuka kocha. Ukaanza na timu ya akiba, ukapandisha daraja klabu ya mji mdogo, mwaka uliofuata ukashuka nayo, ukaenda Kupro, ukafukuzwa Kupro. Mpaka hapo sikuona neno, ni maisha ya makocha wote. Lakini baada ya Kupro palikuwa na miaka mitatu iliyoandikwa mstari mmoja tu: shughuli binafsi.

Miaka mitatu, Kocha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nikasema kamba yako ndiyo hii. Nilidhani jela. Nikadhani kamari. Nikadhani mke wa mtu. Nilikuwa nikikutazama unavyokunja soksi zako na kuzipanga rangi kwa rangi, najiambia huyu amejifunzia haya kifungoni.

Wakati huo huo nami nilikuwa na kamba yangu. Unaijua, lakini acha niieleze kwa wanaotusoma. Siku ya kwanza ya mazoezi uliwakusanya wachezaji ukasema kwa Kiingereza chako cha kukatakata, "Mnakimbia kama watu wanaokwenda kupigwa picha ya harusi." Mimi nikawageukia nikasema kwa Kiarabu, "Kocha amependezwa na utulivu wenu, ila anaomba mwendo uongezwe kidogo." Obaid, nahodha wetu, akaweka mkono kifuani akakushukuru.

Ukaniangalia. "Wanashukuru?"

"Ni watu wenye adabu," nikakujibu.

Sikufanya vile kwa woga. Kwetu anayebeba maneno baina ya watu wawili ni mshenga, na mshenga anayefikisha tusi kama lilivyotoka hajafanya kazi yake. Tumelelewa hivyo. Ukitumwa kwa jirani na ujumbe wa ugomvi, unaupoza njiani, ukifika mlangoni unasema, "Mama anakusalimu, anauliza kuku wako hawajapotea?" Na jirani anaelewa, anawafungia kuku wake, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mimi nilidhani ukalimani ndio huo. Msimu mzima ulitukana, nikabembeleza, na timu ikashinda. Klabu ya daraja la pili ambayo watu walikwishaizoea kuwa mkiani, ikawa inanusa daraja la kwanza. Magazeti yakaandika kuwa Mzungu ana siri. Siri, mimi nilijua, ilikuwa kwamba wachezaji walikuwa wakimpenda kocha ambaye hawajapata kumsikia.

Ndipo nilipoanza kuona mambo.

La kwanza lilikuwa kwenye mgahawa mdogo wa chai Al Mankhool, karibu na ile nyumba ya kupanga uliyowekwa na klabu. Tulikuwa tumekaa nje. Mwenye mgahawa akaniambia kwa Kiarabu, "Mwambie huyo mzee gari lake limeziba njia." Kabla sijafungua mdomo, mkono wako ulikuwa umeshaingia mfukoni penye funguo. Kisha ukasita, ukatoa leso, ukajifuta pua ambayo haikuwa na mafua. Nikakufasiria. Ukasema, "Ah, gari," ukainuka. Chai yangu ilipoa nikiitazama leso ile juu ya meza.

La pili lilikuwa uwanjani. Vijana walikuwa wanazicheka soksi zako kwa Kiarabu chao cha mitaani, na wewe ukainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyako siku ile havikuwa na kamba. Nilivitazama mara mbili.

Usiku sikulala vizuri, na mchana sikula. Ukimchunguza sana bata humli, wanasema, na mimi nilikuwa nimekwishafika kwenye matumbo ya bata. Kama unajua Kiarabu, basi unajua kuwa tangu siku ya kwanza nakubadilishia maneno. Na kama unajua ukanyamaza, kwa nini umenyamaza? Mimi nilipata jawabu moja tu: unakusanya ushahidi. Siku utakayoshindwa utaniweka mbele ya mudir, utasema, "Huyu ndiye aliyeniangusha." Khalas. Mimi na mama tutakuwa kwenye ndege. Nilimwona mama akimwagilia mkomamanga wake uani, nikakuchukia, Kocha. Nakuomba radhi, lakini nilikuchukia kabisa, na asubuhi nikakuletea kahawa.

Nikaamua kukujaribu.

Unaikumbuka ile siku ya mwisho kabla ya mechi ya mwisho. Tulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli Oud Metha, baada ya sala ya alasiri. Tukishinda tunapanda daraja, tukitoka sare tunabaki. Ulikuwa unagawa kazi: nani azuie kona, nani akae kwenye ukuta. Ukafika kwenye penalti, ukasema, "Penalti ikitokea, namba tisa." Namba tisa hakuwa amekosa penalti msimu ule. Obaid alikuwa amekosa mbili mwanzoni, na wewe ulimwambia asiuguse tena mpira ule, neno ambalo mimi nilimfikishia kwamba kocha anataka kuupumzisha mguu wake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, goti limefungwa bandeji, na kila mtu alijua ni msimu wake wa mwisho.

Nilitaka uongo mkubwa. Uongo mdogo ungeumeza, najua ulivyokuwa na subira. Nikasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Penalti ikitokea, kocha anasema apige nahodha wetu Obaid. Anasema amestahili."

Namba tisa akainamisha kichwa. Mimi sikumtazama yeyote isipokuwa wewe. Ulikuwa umeshika kalamu ya ubaoni, ukachukua kifuniko chake, ukakifunga taratibu.

"Umewaambia?" ukauliza.

"Nimewaambia."

"Vizuri. Yalla," ukasema, na yalla, yaani haya twende, si ushahidi, Dubai nzima inasema yalla.

Nilitoka pale mwepesi. Hajui Kiarabu, nikajiambia, angejua asingenyamaza. Nikapanga kwamba kesho asubuhi nitamvuta Obaid pembeni nimwambie kocha amebadili mawazo, na mambo yatakwisha bila mtu kujua. Lakini Obaid alinikuta mlangoni kabla sijafika kwenye gari. Mtu mzima yule, nahodha, akanishika bega. "Nassor," akasema, "mimi nilidhani mzee ameshanifuta. Mwambie sitamwangusha, inshallah." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikasema nitamwambia. Na asubuhi yake, nilipomwona amefika wa kwanza, anaupiga mpira peke yake kwenye lango tupu, niligeuza njia. Nikajipa moyo kwamba penalti haitatokea.

Ilitokea dakika ya themanini na tano. Tulikuwa sare ya bao moja kwa moja, na mwamuzi akanyoosha mkono. Namba tisa alikuwa ameushika mpira, akautazama, akamkabidhi Obaid kama alivyosikia kwenye ukumbi. Mashabiki wakaguna. Mudir akasimama kule juu kwenye viti vyake. Na mimi, katika uwanja ule wote, nadhani nilikuwa mtu pekee aliyeligeuzia lango mgongo. Nilikuwa nakutazama wewe. Hata saa ile, Kocha, nilikuwa bado nakupeleleza. Nilitaka kuona utashtuka vipi.

Hukushtuka. Ulikuwa umesimama kwenye mstari, mikono nyuma. Ukageuza shingo, ukaniona ninakutazama, ukanitikisia kichwa mara moja, kama mtu anayesema haya, tuone. Kisha nikasikia mpira unagonga mwamba, na nikausikia uwanja.

Kesho yake tuliitwa ofisini. Mudir hakutukaribisha kahawa, nikajua. Alikuwa na gazeti mbele yake. Akaniambia kwa Kiarabu, "Muulize huyu mtu swali moja tu. Nani aliyeamua Obaid apige ile penalti?"

Nikageuka kwako. Kukufasiria swali lile kama lilivyo ni kujichimbia kaburi, maana ungesema, kwa haki yako, kwamba wewe ulimtaja namba tisa. Kulibadilisha sikuweza tena. Nadhani nilisema "Kocha," tu, nikasita.

Na wewe, bila kunitazama, ukamjibu mudir kwa Kiarabu.

"Mimi," ukasema. "Nilimchagua mimi. Mkalimani alifikisha nilichosema."

Sijui mudir alikushangaa kiasi gani. Mimi niliona zulia tu, lilikuwa na maua ya kahawia. Alikufukuza kwa maneno machache, na hayo hayakuhitaji mkalimani. Magazeti yakasema kocha mzee amechanganyikiwa, amempa penalti mzee mwenzake. Moja likasema uliuza mechi. Hakuna klabu nyingine ya Ghuba iliyokuita baada ya pale, na ya kwenu Austria, uliniambia baadaye, iliyokuwa inakusubiri ikapata mtu mwingine. Mimi nikaambiwa nibaki. Mudir alinisifu mbele ya kocha mpya kwamba ni mtu mwaminifu, hapunguzi wala haongezi.

Siku ya safari yako nilikuchukua Al Mankhool asubuhi. Tulipofika darajani nikakuuliza kwa Kiarabu, kwa nini ulinificha. Ukanijibu kwa Kiarabu. Kilikuwa kizuri, kipole, na sauti yako ndani yake ilikuwa ya mtu mwingine, mtu ambaye nilifanya naye kazi msimu mzima sijakutana naye.

Ukaniambia ile miaka mitatu ulikuwa ukifundisha katika nchi moja ya Kiarabu, hukunitajia ipi. Lugha uliipata kwa wachezaji, haraka, kwa sababu ulipenda kugomba na ulichoka kumngoja mkalimani. Siku moja wakati wa mapumziko ulimwambia kijana mmoja neno, kwa Kiarabu kilichonyooka, mbele ya wenzake. Akavua viatu akavipanga chini ya benchi, akatoka, na hakucheza tena mpira popote. Ulimfuata kwao mara mbili. Baba yake alikukaribisha chai, yeye hakutoka chumbani. "Neno langu lilimfika la moto," ukasema. "Nikaondoka, nikaifuta miaka ile kwenye karatasi, nikaapa kwamba sitafundisha tena watu kwa lugha yao. Nilitaka mtu akae katikati. Nilipokusikia siku ya kwanza unawaambia nimependezwa na utulivu wao, nikajua nimempata."

Nilicheka, Kocha, na machozi yakanitoka, nikasingizia jua la kioo cha mbele.

Kisha ukasema lile lililonifanya niandike barua hii. Sikukuuliza, ulilisema mwenyewe. "Na ile penalti. Nilisikia umemtaja Obaid. Nilitaka kukukatiza. Lakini nikasema, Bwana Nassor anakaa na hawa watu, anakula nao, anasali nao. Msimu mzima hajabadilisha neno langu ila kwa kheri. Lazima anajua jambo ambalo mimi silijui."

Tulikuwa tumekaribia Rashidiya. Ulitaka kumuaga mama, tukasimama kidogo. Alikupa halua kwenye kikopo, ukamshukuru kwa Kiarabu akashangaa, akakushika mkono kwa mikono yake miwili. Ulipokwenda kunawa, akaniuliza kwa Kiswahili, "Umemwambia?" Yeye nilikuwa nimeshamweleza yote usiku wa kufukuzwa kwako.

"Nitamwambia uwanja wa ndege," nikasema.

"Mwambie, mwanangu. Mtu amekusitiri, usimwache aende na kiza."

Uwanja wa ndege nilikushushia masanduku, nikakutafutia kigari cha mizigo, nikakuuliza kama umebeba pasipoti. Ukanikumbatia. Nikakutakia safari njema. Hayo ndiyo niliyokuambia.

Kwa hiyo nakuambia sasa. Sikujua jambo lolote, Kocha. Sikuona chochote kwa Obaid ambacho wewe hukukiona. Sikulitaja jina lake kwa hekima wala kwa huruma, ingawa miaka hii mara nyingi nimejaribu kujidanganya kuwa palikuwa na huruma kidogo. Nilikuwa nakutega. Wewe ulinyamaza kwa kuniamini, na mimi niliuchukua ukimya wako ule ule nikaufanya ushahidi kuwa hujui Kiarabu. Timu ilikosa daraja, wewe ulikosa kazi, Obaid alistaafu na ule mwamba masikioni mwake, yeye akiamini neno lako, wewe ukiamini hekima yangu. Ulikuwa mtego wangu. Obaid nimemwambia wiki iliyopita. Aliniomba nimwache peke yake, na sijui kama atanipokea tena.

Nimekwishawafasiria makocha watatu baada yako. Sifanyi tena ushenga. Wakitukana, natukana. Wachezaji hawawapendi, na timu imerudi mkiani.

Picha yako ya mwisho ninayo. Umesimama kwenye uwanja wa kijiji chenu wenye mteremko, nyuma yako kuna milima, na timu unayofundisha ni mwoka mikate, mtu wa posta na waendesha matrekta. Umevaa zile soksi. Unaonekana mzima, na nilipoitazama mara ya kwanza nilifurahi, kisha tabia yangu ikaamka. Nikaanza kushuku kwamba ulijua. Kwamba siku ile ndani ya gari ulijua vizuri kabisa kuwa nilikuwa nakujaribu, ukatunga lile la "lazima anajua jambo" ili unifunike nguo nisibaki uchi mbele yako. Nimeligeuza hili usiku na mchana, na sipati jawabu. Kama ulijua, basi umenizidi ushenga. Kama hukujua, nimekuwa nikila imani yako miaka sita bila haki. Vyovyote iwavyo, nakuomba unisamehe. Ukishindwa, nitaelewa.

Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kiingereza chetu kilikuwa cha kazi, na Kiarabu kilikuwa cha kufichana. Hii ndiyo lugha ninayosemea nisipokuwa namwogopa mtu. Najua huijui, na hapo sikushuku. Itabidi utafute mtu wa kukufasiria, na huko kwenu hawakosekani. Nina ombi moja tu kwake. Atakapofika kwenye yale niliyokutendea, mwambie asiyapoze.

Mkalimani wako,
Nassor